Maneno Mazito ya Kiingereza na Maana Zake: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Uganda

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Kampala, katika chumba cha kupanga kilicho karibu na soko. Wanafunzi wangu wengi huzungumza Kiswahili nyumbani au kazini: Wakongo waliotoka Kivu, vijana wa Arua na Bombo, akina mama wa Malaba na Busia wanaovuka mpaka na bidhaa, na wanajeshi wastaafu waliokizoea kambini. Hakuna hata mmoja asiyejua Kiingereza cha kuombea maji. Kinachowasumbua ni Kiingereza cha juu, kile cha mkataba, cha barua ya benki, cha hukumu, cha mtihani wa S6, mwaka wa mwisho wa sekondari. Maswali yafuatayo wameniuliza mara nyingi mno, nami nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja.

Mwalimu, Kiingereza nakiongea na watu wananielewa. Maneno magumu ya nini tena?

Shemeji yangu alipanga duka na kulipa kodi ya miezi sita mapema. Mkataba ulikuwa na kurasa mbili. Akausoma, akaelewa karibu kila kitu, akatia sahihi. Neno moja aliliruka, "forfeit". Alilidhani jina la karatasi fulani. Mwezi wa tatu akataka kuhama akadai pesa za miezi iliyobaki, mwenye jengo akamwonyesha mstari ule: mpangaji akiondoka kabla ya muda, "shall forfeit" malipo yote. Maana yake atayapoteza na hana haki ya kuyadai. Neno moja lilikula kodi ya miezi mitatu.

Nchi hii mambo mazito huandikwa kwa Kiingereza. Hati ya ardhi, sera ya bima, fomu ya mkopo, karatasi ya ridhaa unayopewa hospitalini kabla ya upasuaji, zote ziko hivyo. Chukua ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda mtu inayemwita "bona fide occupant". Huyo ni aliyekaa kwenye ardhi na kuitumia kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 kuanza kufanya kazi, bila mwenye hati kumpinga. Wako wenye vibanja, yaani wanaokaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, ambao haki hiyo ni yao na hawajui, kwa kuwa hawajui kwamba "bona fide" ni Kilatini cha "kwa nia njema". Pia neno "caveat", ambalo kila dalali wa viwanja analitaja, ni Kilatini: "na ajihadhari". Ukiweka "caveat" kwenye hati unawaambia wanunuzi wote wajihadhari, kuna mtu ana dai hapa.

Niongeze jambo ambalo halihusu msamiati ila nalisema kila muhula. Ukishtakiwa, Ibara ya 28 ya Katiba inasema uelezwe kosa lako kwa lugha unayoielewa, na upewe mkalimani bila malipo ikiwa huielewi lugha ya mahakama. Usione haya kumdai. Kujifunza Kiingereza ni jambo moja, kujitetea kwa lugha usiyoimudu ni jambo jingine.

Kiingereza kina maneno mangapi, nami nahitaji mangapi?

Kamusi kubwa ya Oxford ilipokamilika mwaka 1928 ilikuwa na maneno na misemo zaidi ya 400,000, na tangu hapo imekua sana. Usiogope. Hakuna Mwingereza anayeyajua yote.

Watafiti wa lugha hawahesabu neno mojamoja, wanahesabu familia. "Decide", "decision", "decisive" na "undecided" ni familia moja. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi, na hayo ndiyo Kiingereza cha kila siku ambacho wengi wenu tayari mnacho. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akatoa orodha ya familia 570 zinazojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya masomo ya kila aina: "analyse", "significant", "derive", "subsequent" na wenzao. Familia hizo 570 peke yake hubeba takriban asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya chuo. Paul Nation naye alikadiria kwamba kusoma gazeti au riwaya bila kushika kamusi kunahitaji familia kati ya 8,000 na 9,000.

Hesabu yangu ni hii. Maneno matano kwa siku, siku sita kwa wiki, ni 30. Kwa wiki 50 ni 1,500. Anayekwenda chuoni aanze na zile 570 za Coxhead, zinapatikana bure kwenye intaneti. Asiyekwenda chuoni aanze na maneno ya kazi yake.

Mbona kitu kimoja kina majina matatu?

Swali hili nalipenda. Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo mabwana walizungumza Kifaransa, wakulima Kiingereza, na kanisa na wasomi wakaandika Kilatini. Tabaka hizo tatu bado zimelala ndani ya lugha. Kuuliza kwa mtu wa kawaida ni "ask". Kwa njia ya Kifaransa ni "question". Kwa Kilatini ni "interrogate", na hilo linanuka kituo cha polisi. Vivyo hivyo "kingly", "royal" na "regal". Ng'ombe akiwa malishoni na mkulima ni "cow", akifika mezani kwa bwana ni "beef". Maneno ya utawala nayo, "judge", "jury", "attorney", "parliament", yalikuja na Wafaransa hao.

Faida yake kwako: neno fupi la kienyeji aghalabu ni la nyumbani, na neno refu la Kilatini ni la ofisini. Ukikuta "commence" kwenye barua, ni "begin" aliyevaa suti. "Terminate" ni "end". "Remuneration" ni "pay", yaani ujira.

Kuna njia ya kukisia maana ya neno ambalo sijawahi kuliona?

Iko, nawe unaitumia tayari bila kujua. Tazama maneno haya ya Kiswahili: kitabu, katibu, maktaba. Hakuna aliyekufundisha kwamba yana ukoo, lakini masikio yako yanasikia k, t na b, na yote yanahusu kuandika. Hukumu, hakimu, mahakama: mzizi mmoja. Amini, imani, amana: mzizi mmoja. Ni mizizi ya Kiarabu iliyoingia Kiswahili ikaota. Kiingereza kimefanya vilevile na Kilatini na Kigiriki. Ukiujua mzizi, mlango wa nyumba nzima umefunguka.

Mzizi "dict" ni kusema. "Predict" ni kusema kabla, yaani kutabiri. "Contradict" ni kusema kinyume. "Verdict", uamuzi wa mahakama, asili yake ni "neno la kweli". Sasa ongeza "bene", jambo jema, na "male", jambo baya. "Benediction" ni baraka, "malediction" ni laana. "Benefactor" ni mfadhili, "malpractice" ni utendaji mbovu wa kazi, kama daktari anayekiuka miiko, na "malnutrition" ni utapiamlo. Umeona? Mizizi mitatu imezaa maneno manane, na nusu yake pengine hukuwa umeyasikia dakika tano zilizopita.

"Port" ni kubeba. Mtu wa Malaba anaujua mzizi huu kwa mgongo wake: "import" kubeba ndani, "export" kubeba nje, "transport" kubeba kuvuka, "portable" kinachobebeka. "Deport" ni kumwondoa mtu nchini. "Cide" ni kuua: "homicide" mauaji ya mtu, "pesticide" dawa ya kuua wadudu shambani, "genocide" mauaji ya kimbari. "Spect" ni kutazama: "inspect", "spectator", na "retrospect", yaani kutazama nyuma.

Hapo nawaonya, kwa sababu mwanafunzi akishaonja utamu wa mizizi huanza kuona mizizi kila mahali. Kiambishi "in-" mara nyingi hukanusha: "visible" kinaonekana, "invisible" hakionekani. Lakini lori la mafuta linalotoka Malaba kwenda Kampala limeandikwa "inflammable" au "flammable", na yote mawili maana yake ni moja, yanawaka upesi. Aliyedhani "inflammable" ni kisichowaka anaweza kuwasha sigara pembeni yake. "Invaluable" vilevile si kitu kisicho na thamani. Ni kitu ambacho thamani yake haipimiki. Mzizi unakupa makisio, kamusi inakupa uhakika.

Niandike maana kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Anza kwa Kiswahili, wala usione aibu. Kuna walimu watakaokwambia ufikiri kwa Kiingereza tu. Mimi sikubaliani nao. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu Katiba ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2005, na hata kisingekuwa rasmi, ndicho kilichojaa kichwani mwako. Neno geni linashika likipata pa kujishikiza.

Siri ni kutafuta nahau yetu iliyo sawa nalo, badala ya kutosheka na neno kavu la kamusi. Kamusi itakwambia "reluctantly" ni "kwa kusitasita". Sawa. Lakini ukiandika "shingo upande" hutalisahau: "He reluctantly agreed", alikubali shingo upande. "Exacerbate" ni kuzidisha ubaya, na Mswahili ana picha yake, kutia msumari wa moto juu ya donda: "The drought exacerbated the hunger". "Stingy" ni mkono wa birika. "Two-faced" ni ndumilakuwili. "Ulterior motive" ni pale tunaposema "huyu ana lake jambo". "Procrastinate" ni kuahirisha leo na kesho na keshokutwa, nawe unajua ngoja ngoja huumiza matumbo. "Insolvent" ni muflisi. "Blatant" ni jambo baya linalofanywa peupe, mchana, bila soni.

Baada ya wiki mbili tatu, lirudie neno lilelile katika kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, kwa kuwa Kiswahili na Kiingereza havilingani kipimo kwa kipimo. "Shingo upande" inaweza kubeba kinyongo, "reluctant" si lazima.

Neno nalijua maana, lakini nikilitumia watu wanacheka au wananuna. Kwa nini?

Kwa sababu neno lina maana na lina harufu. Kwa Kiswahili chetu "maarufu" anaweza kuwa mwimbaji na anaweza kuwa mwizi. Kiingereza kinawatenganisha. "Famous" ni wa watu wote, "renowned" anaheshimika, na "notorious" anajulikana kwa ubaya. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika barua ya kumsifu mchungaji wake akamwita "a notorious preacher". Alilitoa kwenye kamusi ya simu, ambayo ilimwandikia "maarufu" na kunyamaza. Alinijia karibu analia, tukaiandika upya pamoja usiku uleule.

Mtu asiyekata tamaa ukimpenda ni "persistent" au "tenacious", ukimchukia ni "stubborn" au "obstinate". Anayetunza pesa ni "thrifty" kwa mama yake na "stingy" kwa marafiki zake. Mwembamba anayependeza ni "slim", aliyekondeana kwa ugonjwa ni "gaunt". Kila unapoandika neno jipya, tia alama ya kujumlisha, ya kutoa, au duara pembeni yake: linasifu, linashutumu, au halina upande.

Tena kuna majirani wa neno. Kiswahili husema mvua kubwa, Kiingereza husema "heavy rain", mvua nzito. Uamuzi "hutengenezwa", "make a decision". Kosa la jinai ni "commit a crime", malalamiko ni "lodge a complaint", hatari ni "pose a threat". Hakuna kanuni, ni mazoea ya ndoa tu. Kwa hiyo usiandike "threat" peke yake daftarini. Andika "pose a threat to" kama kifurushi.

Ni kweli kuna maneno yenye maana mbili zinazopingana?

Kweli, na yamo kwenye habari kila wiki. "Sanction" ni kuidhinisha, na pia ni kuwekea vikwazo. Waziri akisema "the payment was sanctioned" ameiruhusu, nchi ikiwa "under sanctions" imeadhibiwa. "Oversight" ni usimamizi, na pia ni kosa la kupitiwa. "Table" ni la kuangalia zaidi. Bungeni Kampala, kama London, "to table a bill" ni kuuwasilisha mswada ujadiliwe. Kule Marekani ni kuuweka kando usijadiliwe. Soma sentensi nzima, na uangalie imeandikwa wapi.

Na maneno yanayofanana sura: "eminent" ni mtu mashuhuri, "imminent" ni jambo lililo mlangoni kutokea. "Elicit" ni kuchokoa jibu, "illicit" ni haramu. Hakimu awe "disinterested", yaani asiye na maslahi kwenye kesi. Akiwa "uninterested", hajali, tumekwisha.

Nasoma maneno 20 usiku, asubuhi nakumbuka mawili. Nina kichwa kibovu?

Hapana. Kichwa chako ni kama cha kila mtu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akachapisha matokeo mwaka 1885: tunachokariri hupotea kwa kasi katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Dawa yake ni kurudia, lakini kurudia kwa kuachanisha. Mara tano kwa siku tano zinazoachana zinashinda mara ishirini kwa usiku mmoja.

Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza njia ya sanduku lenye vyumba, nami naifanya kwa maboksi matupu ya chaki. Kata manila, au kalenda ya mwaka jana kama manila ni ghali, iwe vikadi vya ukubwa wa kiganja. Mbele andika neno ndani ya sentensi, nyuma andika maana. Vikadi vipya viko boksi la kwanza, unavitazama kila siku. Ukipatia, kikadi kinahamia boksi la pili, la kila siku ya tatu. Ukipatia tena kinakwenda la tatu, la kila wiki. Ukikosea, hata kama kilikuwa la tatu, kinarudi la kwanza. Kwa njia hii muda wako unaliwa na maneno usiyoyajua, sio yale unayojifurahisha kuyataja. Ziko programu za simu zinazofanya kazi hiyohiyo, zikiwemo zinazokwenda bila bando ukishazipakua, ila mimi naona kuandika kwa mkono kunasaidia.

Jambo moja dogo ambalo wengi hukosea: kabla ya kugeuza kikadi, jaribu kukumbuka kwa dhati, hata kama inachukua nusu dakika. Huko kuhangaika ndiko kunakotia neno kichwani. Mwendesha boda mmoja darasani mwangu huweka vikadi vitatu mfukoni, huvisoma akisubiri abiria stendi. Ndani ya mwaka mmoja amewapita wenzake wenye shahada.

Nimetoka Kongo, nilisoma kwa Kifaransa. Nianze upya?

Usianze upya, wewe umetangulia. Kumbuka 1066. Maneno mengi mno ya Kiingereza cha juu ni Kifaransa kilichobadilishwa matamshi: "necessary", "justice", "government", "liberty", "courage". Mwenzako wa Arua anayatafuta kwenye kamusi, wewe unayasalimia kama jamaa.

Lakini jihadhari na marafiki wa uongo, maana wanafunzi wangu kutoka Bukavu na Goma huanguka palepale kila mwaka. "Actually" si "actuellement". Ni "kwa kweli", haihusu sasa. "Library" ni maktaba, ilhali "librairie" ni duka la vitabu. "Eventually" ni "hatimaye", wala si "huenda". "Sensible" kwa Kiingereza ni mwenye busara. Na la hatari kuliko yote, "demand". Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba tu, lakini ukimwandikia afisa wa ofisi ya wakimbizi "I demand a meeting", umemwamrisha. Andika "I request".

Kiingereza chetu cha Uganda ni makosa?

Kondakta wa taksi akikwambia "please extend", unasogea. Mtu akikukuta unalima akasema "well done", anakusalimu kwa kazi, kama Luganda inavyosema "gyebale". "You are lost" ni "umepotea", siku nyingi hatujaonana. "Balance" ni chenji, "branch here" ni kata kona hapa. Sentensi hizi zinafanya kazi, zimezaliwa na lugha zetu, na sitamdharau anayezitumia. Mimi mwenyewe nazitumia kila siku. Ila mtahini wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, hatazipa alama, na mtu wa London hatazielewa. Daftarini tenga ukurasa: kushoto tunavyosema hapa, kulia wanavyosema kwingine. "Extend" kulia ni "move over". "Balance" kulia ni "change".

Matamshi je?

Kiswahili kinatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote, na ndiyo maana tunajikwaa. Mkazo wa Kiingereza unahama: PHOtograph, phoTOgrapher, photoGRAPHic. Maneno kadhaa yakiwa nomino mkazo uko mwanzo, yakiwa kitenzi uko mwisho. PERmit ni ile ya udereva, kuruhusu ni perMIT. Vivyo hivyo "record", "export" na "contract" lenye maana ya kusinyaa. Herufi bubu nazo zikaririwe: "debt" inasikika "det", "subtle" haina sauti ya b, "indict", yaani kushtaki rasmi, inasikika "indait". "Receipt" haikusumbui, risiti imeshakufundisha kwamba p haitamkwi.

Nikijaza maneno makubwa kwenye insha nitapata alama zaidi?

La. Neno kubwa mahali pasipo pake linamwonyesha mtahini kwamba hulijui. Neno moja sahihi katika aya linatosha.

Mtoto wangu yuko P4 na ghafla hafanyi vizuri. Ana shida gani?

Pengine hana shida yoyote. Tangu mtaala wa mwaka 2007, shule nyingi za vijijini hufundisha kwa lugha ya eneo kuanzia P1 hadi P3, na P4 ndio mwaka wa kuhamia Kiingereza. Mtoto anayejua "mizizi" na "majani" anakutana na "photosynthesis". Somo analiweza, ila jina la somo limebadilika. Msaidie kwa kumuuliza jioni, kwa Kiswahili, leo mmejifunza nini, kisha mtafute pamoja jina la Kiingereza la kila kitu anachokieleza.

Sina pesa ya vitabu. Nisome nini?

Gazeti la jana linauzwa kwa kufungia bidhaa, mwombe mama wa karanga. Soma maoni ya mhariri, ndiko maneno mazito yanakojificha, na uzunguke matano tu kwa kalamu. Mwenye simu na bando kidogo afungue kumbukumbu za mijadala ya Bunge, zinazochapishwa bure, au hukumu za mahakama kwenye mtandao wa ULII. Hukumu ni mwalimu mzuri kwa sababu jaji huanza kwa kusimulia hadithi: nani alimpiga nani, shamba la nani lilichukuliwa. Ukishaijua hadithi, maneno ya sheria yanajieleza yenyewe. Na redio ya Kiingereza isikilizwe ukipika au ukifua, hata usipoelewa yote.

Usiku huu nianze na yapi?

Chukua haya matano, nimeyachagua kwa sababu utayakuta kabla ya mwezi kuisha. "Arrears" ni malimbikizo ya deni, kama kodi ya miezi iliyopita: "She is two months in arrears". "Evict" ni kumtoa mtu kwenye nyumba au ardhi. "Waive" ni kusamehe au kuachilia haki kwa hiari: shule ikikwambia "we have waived the fee", hulipi. "Liable" ni anayewajibika kisheria, na ukilikuta kwenye mkataba uliza mara moja ni nani huyo, wewe au yeye. La tano ni lile la shemeji yangu. Liandike kwenye kikadi kwa sentensi kamili, "If you leave early, you forfeit your deposit", na nyuma yake: "Ukiondoka mapema, pesa zako zimekwenda."